Upande wa Kulia wa Mlango

Mke wa mwanangu alikuja kutoka Dar es Salaam kunisalimu, na siku moja niliporudi kutoka sokoni nikakuta amenipangia nyumba. Masufuria yameingizwa moja ndani ya jingine. Vikombe vyote vimekusanywa kwenye trei moja. Mashuka yangu yamekunjwa pamoja na ya mume wangu, mashuka ambayo tangu tuoane hayajawahi kulala kwenye sanduku moja. Alisimama katikati ya chumba anatabasamu, anasubiri ahsante. Nilimpa ahsante yake, kwa sababu nimelelewa. Basi lilipomchukua nikavua viatu, nikajifunga kanga kiunoni, nikaanza kurudisha kila kitu mahali pake. Ilinichukua siku nzima.

Wanangu wanasema mama yao hana mpango. Mpango ninao, tena wa siku nyingi kuliko makabati yao ya vioo. Kwangu mimi kitu hakikai mahali kwa sababu kinafanana na jirani yake. Kinakaa mahali kwa sababu kina mwenyewe. Hayo nilifundishwa na mama yangu, na najua yalimgharimu nini.

Sisi ni Waluguru wa juu ya Matombo, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Shamba ni la ukoo wa mama, na nyumba ikijengwa juu ya shamba hilo ni ya huko huko. Mwanamume anaoa, anakuja na panga lake na nguo zake, anapewa mahali. Akifa, wapwa zake, yaani watoto wa dada yake, wanakuja kuchukua vilivyokuwa vyake. Hakuna ubaya hapo, ndiyo mila. Ubaya unakuja pale ambapo hakuna anayejua kipi kilikuwa cha nani.

Kwa hiyo mama alikuwa na pande mbili. Ukiingia nyumbani kwetu, kushoto ni kwa baba: randa, misumeno na nyundo zake, maana alikuwa seremala, koti lake kwenye msumari, redio, taa ya chemli, baiskeli. Kulia ni kwa mama: mitungi ya maji, kinu, nyungo zikining'inia, vibuyu vya mbegu juu ya moto vikipata moshi, na vyungu vitatu vyeusi alivyoachiwa na mama yake, ambavyo hupikiwa mwali anapotolewa ndani. Pembeni kabisa kulikuwa na vilindo, yale makopo makubwa ya magome ya mti, vyenye kanga na shanga zake na za dada zake waliokwisha kufa. Sisi watoto tulilala kulia. Hakuna aliyetueleza kwa nini, na hatukuuliza.

Kisha tukahamishwa. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa ilikuwa ni kuhamia pamoja, upende usipende, na sisi malori yalitukuta tukatelemshwa hadi tambarare, kwenye kijiji kipya kando ya barabara iendayo Kisaki. Nyumba zilikuwa zimepangwa mstari mmoja mnyoofu, kila kaya na kiwanja chake, na kila kiwanja kikaandikwa jina la mwanamume. Vitu vyetu na vya majirani vilimwagwa chini kwa pamoja, vumbi tupu. Watu waligombania majembe na mabeseni hadi jioni. Mama hakugombana na mtu, kwani kila kilichokuwa chake alikuwa amekifunga kipande cha kanga moja aliyoichana kabla ya safari. Alizunguka anaokota vipande vya kanga yake, basi.

Nyumba mpya ilipokwisha kuezekwa, aliingia, akasimama mlangoni, akapanga kulia na kushoto vile vile.

Ndipo akaja Bibi Maendeleo. Huyu alikuwa binti wa mbali, ametumwa na serikali kufundisha akina mama usafi wa nyumba, na sisemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Alitufundisha kuchemsha maji na kujenga vichanja vya kuanikia vyombo, na hayo mama aliyafuata yote. Lakini alikuwa na shindano lake la nyumba bora, na alipoingia kwetu akashika kichwa.

"Mama, shikamoo. Mbona hivi? Sufuria hapa, sahani kule. Nguo za baba huku, zako kwenye magome! Vyombo vikae na vyombo, nguo na nguo, chakula na chakula."

"Marahaba mwanangu," mama alisema. "Na mtu na mtu?"

Bibi Maendeleo hakuelewa, akacheka. Nyumba yetu ikatangazwa ya mwisho kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya kila mtu. Mama alipiga makofi pamoja na wengine.

Aliyeumia ni baba. Seremala mzima nyumba yake kuwa ya mwisho! Alikusanya mbao za mninga zilizobaki kwenye ujenzi wa shule, akachonga kabati la milango miwili, akalipiga msasa hadi likateleza. Sijaona kabati zuri kama lile mpaka leo, na nimeingia nyumba za wakubwa. Mama alilizunguka, akalipapasa, akasema ni zuri sana. Halafu akasema, "Mume wangu, tia ubao katikati. Kutoka juu mpaka chini."

"Ubao wa nini?"

"Huku wewe, huku mimi."

Baba aliwahi kumgombeza mama kwa mengi, lakini siku ile aliishia kucheka hadi machozi. "Watu wakisikia fundi anapigilia mbao kati ya mume na mke wataacha kuniletea kazi," alisema, na akaupigilia. Bibi Maendeleo alipokuja tena, alilisifia kabati kwa nje. Alipofungua milango akakuta sukari upande huu na chumvi upande ule, akafunga taratibu na kwenda zake.

Mimi nami, nisifiche, nilikuwa nikimwonea mama haya. Nilikuwa darasa la sita, tunaimba kila asubuhi kwamba vyote ni vyetu sote, nikirudi nyumbani nakuta ubao katikati ya kabati. Siku moja nilimwambia kwamba enzi za changu na chako zimekwisha. Akanijibu, "Zikishakwisha utaniambia. Lete kuni."

Baba alifariki kwa ugonjwa wa kifua. Alipelekwa hospitali Morogoro mjini, akarudishwa amefunikwa, akawa miongoni mwa wa kwanza kulazwa kwenye makaburi mapya ya kijiji. Nilimpenda sana baba yangu. Majuma yaliyofuata nilikuwa nikipita kushoto mwa mlango nashika koti lake pale ukutani, nanusa harufu ya mbao na tumbaku, kisha naendelea na kazi.

Arobaini ilipofika, shangazi yangu, dada yake baba, alikuja na ndugu zake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye heshima zake. Wakakaa na mama, wakakubaliana kama mila inavyotaka: vya kushoto watakuja kuvichukua, vya kulia havihusiki. Kaka yake mama, mjomba wetu ambaye ndiye angetusemea siku hiyo, alikuwa ametangulia mwaka uliopita, lakini hapakuwa na la kusemea. Walikula, wakaomba dua, wakaondoka kwa amani.

Aliyerudi kuchukua vitu hakuwa shangazi. Alikuwa mwanawe mkubwa, mpwa wa baba, mrithi. Alikuwa karani kwenye mashamba ya mkonge, suruali yake ina mstari wa pasi, kalamu mbili mfukoni. Alikuja na vijana wawili na mkokoteni. Hakukaa. Alisimama katikati ya nyumba akatazama kushoto, akatazama kulia, na akatazama kulia kwa muda mrefu zaidi.

"Mkazamjomba," alimwambia mama, kwa upole kabisa, "hiki kiwanja kimeandikwa jina la nani?"

"La mjomba wako."

"Na nyumba?"

"Nayo."

"Basi mimi naona hapa hakuna kulia wala kushoto. Kule mlimani nyumba ilikuwa ya ukoo wenu, ndiyo maana mjomba alipewa upande. Hapa nyumba nzima ni yake, kwa mujibu wa serikali. Vilivyomo ndani ya nyumba ya mjomba ni vya mjomba. Na vya mjomba, kwa mila, ni vyetu."

Nimeishi miaka mingi na nimesikia hoja za mawakili, lakini sijawahi kusikia mtu akipanda farasi wawili kwa wakati mmoja vizuri hivyo. Palipomfaa alishika serikali, palipomfaa akashika mila. Nilitaka kumng'ata. Nasema kweli, meno yaliniwasha.

"Vilivyomo ndani," mama alirudia.

"Vilivyomo ndani ya nyumba, mkazamjomba. Leo tunaanza na kabati na vifaa. Vingine kesho kutwa, nitakuja na gari la ng'ombe. Tafadhali visiguswe."

Wakalipakia kabati. Vikombe vya mama vilikuwa bado mle, upande wake wa ubao, na mkokoteni ulipoanza kwenda tulivisikia vikigongana hadi ulipokata kona ya ghala. Baiskeli waliisukuma nyuma yake. Koti la baba alilivaa yule mpwa, jua kali lile.

Akufukuzaye hakwambii toka. Nyumba bila chungu, bila kinu, bila kitanda, ungekaa humo ufanye nini? Na vile vyungu vitatu havikuwa vya mama kuvitoa hata angetaka. Vilikuwa vya kila msichana wa ukoo wetu atakayezaliwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nakaribia kuwekwa ndani. Vikienda, mwali wa kwetu angepikiwa kwenye sufuria la kuazima, na ukoo mzima ungejua kwamba vilipotelea mikononi mwa mama.

Alikwenda kwa Mwenyekiti wa kijiji, nami nikamfuata. Mwenyekiti alimsikiliza vizuri, akakohoa. "Dada yangu, mambo ya mirathi ni ya mila, kijiji hakiingilii. Ila kwa kumbukumbu zetu, nyumba ni ya marehemu, hilo siwezi kulipinga."

"Kwa hiyo kijiji hakiingilii kuniokoa, ila kinaingilia kunizamisha."

"Sikusema hivyo."

"Na uwanja wa mikutano, Ndugu Mwenyekiti, ni wa nani?"

"Ule ni wa wote."

"Mimi si mmoja wa hao wote?"

Alisema ndiyo, bila kujua amekubali nini.

Asubuhi yake mama alianza kutoa vitu nje. Nilidhani anakwenda kuvificha kwa majirani, nikamwuliza tuanze na nyumba ipi. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Nivifiche nimeiba?" Akabeba chungu cha kwanza kichwani, akavuka barabara, akaenda nacho hadi katikati ya uwanja wa mikutano, mbele ya ofisi ya kijiji, akakitua.

Kwanza alilaza mchi chini, uwe kizingiti. Kisha akanionyesha kwa mkono kuta zilipo: hapa mpaka hapa, hapa mpaka pale. Tukapanga. Mitungi ya maji kulia, mara tu baada ya kizingiti. Kinu. Mafiga matatu na kuni zake. Tulichimbia miti yenye panda ili nyungo zining'inie, kwa sababu ungo kwetu haulali chini, na tukafunga fito juu ya moto ili vibuyu vya mbegu vipate moshi wao hata kama moshi wenyewe ulikuwa unakwenda mbinguni moja kwa moja. Vilindo pembeni. Kitanda cha kamba mwisho. Vyungu vyeusi tulivipanga mahali pake hasa, kwenye kona ambayo haikuwa kona. Upande wa kushoto ulibaki mtupu, vumbi na jua.

"Kushoto tuweke nini?" niliuliza.

"Kushoto si kwetu," alisema, akaanza kuwasha moto.

Watu walikusanyika. Wengine walisema ni kichaa cha msiba. Watoto wa shule walitoka darasani kabla ya kengele. Mama alikuwa anachekecha unga, amejifunga vizuri, hamwangalii mtu. Hatimaye Mwenyekiti akatoka ofisini kwake mbio mbio, amekasirika, mkono tayari umeinuka kufoka. Alipofika kwenye ule mchi, sijui ni mazoea, sijui ni malezi, mguu wake ulikataa kuvuka. Akasimama.

"Hodi," alisema.

"Karibu," mama akajibu.

Nilimwona Mwenyekiti akitambua alichofanya. Alikuwa tayari ameingia. Akazunguka kinu badala ya kukiruka, akakaa kwenye kigoda alichopewa, akasema kwa sauti ndogo kwamba jambo hili linakitia kijiji aibu. Mama alimpa maji ya kunywa. Akanywa, akashukuru, akaaga, akatoka kwa mlangoni.

Baada ya hapo nani angepita pengine? Akina mama walianza kuja, mmoja mmoja, na unga, na mboga, na kila mmoja alisimama kwenye mchi akabisha. Hodi, karibu. Hodi, karibu. Mpaka Bibi Maendeleo alikuja. Alikaa karibu na mafiga, akatazama kulia, akatazama ule utupu wa kushoto, na safari hii hakusema nguo na nguo. Aliuliza tu kama angeweza kusaidia kuchambua mchicha.

Tulilala pale. Sitadanganya kwamba ilikuwa raha. Niliogopa mvua, niliogopa fisi, na nilimwonea haya kila mvulana wa darasa langu. Lakini pia nilijisikia, kwa mara ya kwanza tangu baba afe, kwamba nina kwetu.

Habari hukimbia kuliko gari la ng'ombe. Siku ya ahadi, kabla ya mpwa, alitokea shangazi, peke yake, kwa miguu, miguu yake imejaa vumbi hadi magotini. Alisimama mbele ya mchi, akatazama ile nyumba yote. Nyumba zetu za mlimani zina milango mifupi, na yeye alikuwa mrefu.

"Hodi, wifi."

"Karibu, wifi yangu."

Shangazi akainamisha kichwa, kama mtu anayechelea kujigonga, akapita. Hakuja kukaa kulia tulipokaa. Alikwenda kushoto, kule kutupu, kwa kaka yake, akakaa chini kwenye vumbi, akafunika uso kwa kanga, akalia. Mama alimwacha alie, kisha akavuka akakaa naye.

Nieleze kabisa mambo yalivyokwisha, ili nibaki na lile ninalopenda kulikumbuka. Shangazi alisema mbele ya Mwenyekiti kwamba vya kushoto vimekwisha kuchukuliwa, na kwamba yeye ameingia nyumba ya wifi yake kwa hodi, na hakuna mtu wa ukoo wake atakayechukua kitu kwenye nyumba ambayo yeye ameibishia hodi. Vikombe vilirudishwa, isipokuwa kimoja kilichovunjika njiani. Kabati hatukulidai, lilikuwa kazi ya mikono ya baba. Vitu vyetu vilirudishwa ndani, na Mwenyekiti akaiandika nyumba jina la mama, akisema ni marekebisho madogo. Mama alikaa humo miaka kadhaa, hadi watu walipoanza kurudi mlimani kidogo kidogo, naye akarudi. Vile vyungu ninavyo mimi. Viko kulia.

Sasa yule mpwa. Alifika jua likiwa kichwani, na gari lake la ng'ombe na vijana wake, amevaa koti la baba. Alikwenda kwanza kwenye nyumba, akakuta tupu. Akatuona uwanjani. Alikuja kwa hatua ndefu, hakuangalia chini, na badala ya kuja palipolala mchi akakata moja kwa moja kwa ubavuni, kati ya vilindo na kitanda.

"Kapita ukutani!" alipiga kelele mwanamke mmoja.

Uwanja mzima ulilipuka. "Kapita ukutani! Mtoto wa watu kapita ukutani!" Wazee waliokuwa wamekaa barazani mwa ofisi waliinuka. Kwetu anayeingia nyumba ya mtu kwa ukutani ana jina lake, na watu walikuwa wanalitaja, mwizi, mwizi, wakicheka na kupiga vigelegele. Alisimama katikati ya kitanda na vilindo, hajui aweke wapi miguu. Akamtazama mama yake. Shangazi alikuwa ameangalia pembeni.

Alirudi nyuma, hatua kwa hatua, kwa pale pale alipopita. Akazunguka nje ya kuta, akiwa mwangalifu sasa asikanyage mpaka, hadi akafika kwenye mchi. Akavua lile koti, akalikunja mkononi. Watu walisogea wamsikie.

"Hodi," alisema.

Mama alikuwa amekaa mbele yake kabisa, hatua chache, jua limemmulika, amevaa kanga zake mbili, kilemba kichwani, anaonekana na kijiji kizima. Alikuwa na ungo wa mchele mapajani, akaendelea kupepeta. Aliupepeta ule mchele hadi pumba ya mwisho ikaruka.

"Subiri huko nje," alisema bila kuinua kichwa. "Navaa."

Na yule karani wa mkonge, na kalamu zake mbili, akageuka akampa mgongo, akasimama akiutazama mlima, akisubiri mke wa mjomba wake amalize kuvaa.